Kidole Gani Kinakufa Ganzi? Mwongozo wa Kuitambua Neva Iliyobanwa Shingoni au Kiunoni

"Nina mshipa," mgonjwa ananiambia, na mimi siandiki kitu bado. Kwa Kiswahili chetu mshipa hubeba mengi: mwenye ngiri ana mshipa, mwenye korodani iliyovimba ana mshipa, mwenye damu iliyoganda mguuni ana mshipa, na mama anayeamka usiku mkono umekufa ganzi naye ana mshipa. Kwa hiyo swali langu la kwanza ni hili: nionyeshe kwa kidole, ganzi inaanzia wapi na inaishia wapi?

Nafanya kazi ya mazoezi tiba. Wengi wanaonijia wamekwisha kupiga picha. Wanaweka bahasha mezani na kusubiri niisome. Ukiwauliza ni kidole gani, wananyamaza, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza. Wametumia fedha nyingi kabla ya kujibu swali la bure, na jibu la swali hilo ndilo linaloipa picha maana. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kulijibu wewe mwenyewe, au kumsaidia mzazi wako alijibu, kabla ya kuingia chumba cha daktari. Hauchukui nafasi ya daktari. Unakufanya uende ukiwa na habari kamili.

Kinachobanwa ni nini

Uti wa mgongo una pingili 7 shingoni, 12 nyuma ya kifua na 5 kiunoni, kisha zile zilizoungana chini hadi kifandugu. Katikati ya pingili kuna tundu refu, na humo umelala ugwe, kamba laini ya neva, yaani nyuzi zinazopeleka hisia na amri za mwili, inayoshuka kutoka ubongoni. Kwa mtu mzima ugwe huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo zinabaki nyuzi za neva zinazoning'inia kama mkia wa farasi, na ndivyo madaktari wanavyoziita. Kati ya pingili na pingili kuna diski, ngumu nje na laini ndani, na kando yake, kushoto na kulia, kuna kitundu ambamo neva hutokea kwenda mkononi, kifuani au mguuni. Jozi za neva hizo ni 31.

Neva hubanwa diski inapopasuka na ute wake kuchomoza, mfupa unapoota vichomozi kwa umri, kano zinaponenepa na kulifanya tundu kuwa jembamba, au pingili inapoteleza. Mara chache zaidi, lakini kwa hatari kubwa zaidi, hubanwa na usaha, uvimbe au mfupa uliovunjika.

Jambo linalowachanganya wagonjwa ni kwamba maumivu hukaa mbali na chanzo. Waya ukikwaruzwa kwenye nguzo barabarani, taa inayofifia ni ya nyumbani kwako. Vivyo hivyo neva ikibanwa shingoni, kinachokufa ganzi ni kidole. Ikibanwa kiunoni, kinachoungua ni wayo. Kuna watu wamechua mguu mwaka mzima wakati mguu wenyewe ni mzima kabisa.

Hatua ya 1: Hakikisha si dharura

Hapa usipime lolote nyumbani. Ukiona mojawapo ya haya, nenda hospitali kubwa leo, hata kama ni usiku.

Mkojo umegoma kutoka, au unatoka bila wewe kujua. Haja kubwa imeponyoka. Sehemu za siri, makalio na ndani ya mapaja, yaani pale panapogusa tandiko la baiskeli, pamekufa ganzi. Miguu yote miwili inadhoofika. Hizo ni dalili za mkia wa farasi kubanwa. Wagonjwa hawa huhitaji picha na mara nyingi upasuaji kwa haraka, na wanaochelewa wanaweza kubaki na mpira wa mkojo maisha yao yote. Naomba uwe na ujasiri wa kutaja mambo ya chooni hata mbele ya mkwe. Watu wamechelewa kwa sababu ya aibu tu.

Ameanguka kutoka juu ya mnazi au mwembe, au ametupwa na bodaboda, na shingo au mgongo unauma: usimkalishe, usimpe maji, usimbebe mgongoni. Mmoja ashike kichwa na mabega visitikisike, wengine wamgeuze mwili wote kwa pamoja kama gogo, kisha alazwe juu ya ubao au mlango. Ubaya wa jeraha la uti ni kwamba linaweza kuongezewa na msaada wetu.

Maumivu ya mgongo yasiyopumzika usiku wala mchana, pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda: fikiria kifua kikuu cha uti wa mgongo. Percivall Pott aliuelezea ugonjwa huu Uingereza mwaka 1779, na kwetu haujaondoka. Mgonjwa anaweza asikohoe hata mara moja. Kibiongo kinachojitokeza taratibu katikati ya mgongo ni dalili ya kukimbilia nayo hospitali. Anayekunywa maziwa mabichi au kuhudumia mifugo ataje hilo pia, maana brusela, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu, hupenda uti wa mgongo. Na aliyewahi kuwa na saratani, hasa ya titi au ya tezi dume, asikubali kuambiwa ni uchovu kabla hajapimwa.

Kama hakuna hata moja kati ya hayo, endelea.

Hatua ya 2: Chora ramani

Chukua karatasi, chora mtu wa mbele na mtu wa nyuma. Mchoro wa mtoto unatosha. Paka wino palipo na ganzi, weka nukta panapochoma kama sindano, na piga mstari njia ya maumivu tangu yanapoanzia hadi yanapoishia. Usikubali jibu la "mkono mzima". Gusa kidole kimoja kimoja kwa pamba, upande mbovu kisha upande mzima, na uulize kama vinahisi sawa.

Sasa soma ramani. Herufi na namba ninazotumia ndizo utakazokutana nazo kwenye ripoti: C ni shingo, L ni kiuno, S ni chini ya kiuno.

Mkononi, ganzi ya kidole gumba na cha shahada huelekeza kwenye neva ya C6. Kidole cha kati ni C7, ambayo ndiyo inayobanwa mara nyingi kuliko zote za shingo. Kidole cha mwisho na cha pete ni C8. Maumivu yanayoishia begani na juu ya mkono upande wa nje, bila kufika vidoleni, yanaweza kuwa C5.

Mguuni, maumivu ya mbele ya paja yanayoshuka ndani ya muundi ni L4. Yakipita nje ya muundi, yakavuka juu ya mguu hadi kidole gumba, ni L5. Yakishuka nyuma ya paja, yakapita kwenye tafu na kuishia ukingo wa nje wa wayo na kidole kidogo, ni S1. L5 na S1 ndizo nyingi, kwa kuwa diski mbili za chini kabisa ndizo zinazobeba mzigo mkubwa.

Miili haifanani, na mipaka ya ramani hii huingiliana. Lakini mtu ambaye maumivu yake hayavuki goti wala kiwiko, na hana ganzi wala udhaifu, mara nyingi anaumwa misuli na maungio, siyo neva iliyobanwa. Hilo peke yake limewapunguzia wengi hofu.

Hatua ya 3: Pima nguvu

Ganzi inasumbua, lakini udhaifu ndio unaonitia wasiwasi zaidi, kwa hiyo usipite hatua hii haraka. Linganisha upande mbovu na mzima kila mara.

Kwa mkono: inua mikono pembeni kama mbawa, mwenzako aisukume chini (C5). Kunja kiwiko, avute kukinyoosha. Kisha nyanyua kifundo cha mkono, akisukume chini (C6). Sukuma mbele kana kwamba unafungua mlango mzito, yeye azuie (C7). Mwisho kunja vidole kwa nguvu, ajaribu kuvifungua (C8).

Kwa mguu: panda ngazi ukiangalia kama goti linalegea (L4). Tembea hatua kumi kwa visigino, vidole vikiwa juu. Mguu ukishindwa kubaki juu, au kandambili ikiburuta na kuchomoka yenyewe, ni L5. Kisha simama kwa mguu mmoja, ukishika ukuta kwa kidole tu, na unyanyuke kwa ncha za vidole mara kumi. Mguu mzima utafika kumi. Wenye S1 iliyobanwa huishia mara tatu au nne, na wengi hawakujua kabla ya kupima hivi.

Andika namba hizo na tarehe. Daktari ataandika nguvu kwa kipimo cha 0 hadi 5, ambapo 0 ni msuli usiojitikisa na 5 ni nguvu kamili. Chini ya 3 msuli hauwezi kushinda hata uzito wa kiungo chenyewe. Mguu ulioanguka ghafla, yaani ulioshindwa kuinua wayo, hausubiri miadi ya mwezi ujao.

Ugwe ukibanwa, maumivu yanaweza yasiwepo

Shangazi yangu alikuwa mshonaji. Ilianza na sindano kumponyoka, kisha vifungo vya blauzi vikamshinda, halafu akaanza kutembea kama mtu aliye kwenye mashua. Shingo haikumuuma. Alikoenda aliambiwa ni uzee, na sisi nyumbani tulikubali, mimi nikiwemo, tena nikiwa tayari nimesomea kazi hii. Picha ilipopigwa ugwe ulikuwa umebanwa shingoni sehemu mbili. Upasuaji ulizuia hali isizidi, lakini mikono haikurudi kwenye cherehani.

Ndiyo sababu nawaomba watu wapime mikono ya wazee wao. Mwambie afungue kiganja na kufunga ngumi, haraka, kwa sekunde kumi, nawe uhesabu. Mzima hufika 20 au zaidi. Aliye chini ya hapo aonwe na daktari. Tazama anavyofunga vifungo, anavyohesabu sarafu, anavyoandika jina lake. Mwambie atembee kisigino mbele ya kidole kama anayepima shamba kwa nyayo. Muulize kama akiinamisha kichwa anahisi shoti ya umeme ikishuka mgongoni. Mikono mizito pamoja na miguu isiyo imara ni ugwe wa shingo mpaka ithibitike vinginevyo, na mtu huyo asichuliwe shingo wala kuzungushwa shingo na yeyote.

Nalisema hili kwa vinyozi pia, kwa heshima. Kukanda mabega baada ya kunyoa ni jambo jema. Kuikamata kidevu na kuigeuza shingo mpaka ilie, kwa mtu usiyejua ndani yake kuna nini, ni hatari. Acheni.

Hatua ya 4: Tafuta mkao unaochochea na unaotuliza

Kwa shingo, weka kiganja cha mkono unaouma juu ya utosi, ukae hivyo nusu dakika. Maumivu yakipungua, neva ya shingo ndiyo inayoshukiwa, kwa kuwa mkao huo huilegeza. Wengine hugundua wenyewe kwamba hulala vizuri mkono ukiwa kichwani. Kinyume chake, ukiangalia juu na kuelekea upande unaouma, kama anayemtazama ndege mtini, mkono huanza kuwaka. Fanya taratibu na uache mara inapoanza. Kile kipimo cha kubonyeza kichwa kwa nguvu mwachie daktari.

Kwa kiuno, lala chali, mwenzako anyanyue mguu unaouma ukiwa umenyooka. Maumivu yakichomoka kupita goti mguu ukiwa kati ya nyuzi 30 na 70, kipimo kimejibu: neva ya kiuno ndiyo inayoshukiwa. Kukaza kwa nyama za nyuma ya paja si jibu. Karibu kila mtu anakaza. Jaribu na mguu mzima pia: ukinyanyuliwa huo na mwingine ukauma, uwezekano wa diski iliyochomoza ni mkubwa zaidi. Kipimo hiki ni cha zamani, J. J. Forst alikiandika Ufaransa mwaka 1881 na kumtaja mwalimu wake, Charles Lasègue, na hadi leo hakuna mashine iliyokifukuza.

Wazee wenye tundu la uti lililokuwa jembamba wana habari yao tofauti. Wanatembea mita mia, miguu inakuwa mizito na kufa ganzi, wanachutama au kukaa, inaachia, wanaendelea. Wakiinama mbele kusukuma mkokoteni au kuendesha baiskeli, wanaenda mbali bila shida. Mwenye tatizo la damu kutofika miguuni hupona kwa kusimama tu, bila kuinama, na kilima humsumbua zaidi. Swali la baiskeli limenisaidia mara nyingi.

Hatua ya 5: Je, ni kitu kingine?

Ganzi ya gumba, shahada, kidole cha kati na nusu ya cha pete, inayokuamsha usiku hadi ukung'ute mkono kama unayekausha maji, mara nyingi ni neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono, siyo shingoni. Ni ya kawaida kwa wajawazito na kwa wanaotumia mikono kutwa: wafumaji, wachonga, wakanda unga. Ganzi ya kidole cha mwisho kwa mtu anayeegemea kiwiko inaweza kutoka kwenye kiwiko chenyewe.

Nyayo zote mbili zinazowaka kwa usawa, kama umevaa soksi za pilipili, mara nyingi hutokana na kisukari, upungufu wa vitamini B12, pombe, VVU, au dawa. Anayetumia dawa za kifua kikuu amwambie mhudumu mapema, kwa kuwa isoniazidi huweza kuumiza neva, na vitamini B6 huikinga. Sindano za vitamini B husaidia mwenye upungufu. Haziwezi kuisogeza diski iliyobana.

Maumivu makali ya upande mmoja kisha vipele vinavyojipanga kama mkanda ni mkanda wa jeshi. Na udhaifu wa ghafla wa mkono na mguu wa upande mmoja, mdomo ukipinda, ni kiharusi. Usipoteze muda na mwongozo huu.

Hatua ya 6: Vipimo vya hospitali

Daktari mzuri atakugonga kwa nyundo ndogo ya mpira chini ya goti, kwenye kisigino, kwenye kiwiko. Mrusho, yaani kiungo kuruka chenyewe kikigongwa, ukipotea unaashiria neva iliyobanwa. Mrusho uliozidi unaashiria ugwe. Atakukwaruza wayo pia, na kidole gumba kikiinuka juu badala ya kukunjika, ugwe au ubongo una tatizo.

Eksirei huonyesha mifupa: uliovunjika, ulioteleza, ulioliwa na kifua kikuu. Haionyeshi diski wala neva. Kipimo cha CT kinaona mfupa vizuri zaidi. Cha MRI ndicho kinachoonyesha diski, neva na ugwe, na hapo ndipo wengi wanapotishwa bure. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya picha za viuno vya watu 98 wasioumwa mgongo: 52% walikuwa na diski iliyovimba angalau sehemu moja, na 27% walikuwa na iliyochomoza. Hawakuwa wagonjwa. Kwa hiyo ripoti yenye diski tatu zilizovimba si hukumu.

Muulize daktari maswali matatu: ni diski ipi, upande upi, na je, inagusa neva? Kisha linganisha na ramani yako. Kuna njia rahisi inayofaa mara nyingi: kati ya namba mbili za diski, chukua ya pingili iliyo chini yake. Diski ya C6 na C7 hubana neva ya C7. Ya L4 na L5 hubana L5. Ya L5 na S1 hubana S1. Ganzi ikiwa kidole gumba cha mguu wa kulia na picha ikaonyesha diski ya L4 na L5 imechomoza kulia, mambo yamekubaliana. Picha ikionyesha kushoto wakati unaumwa kulia, usikubali kupasuliwa kabla ya kuuliza tena.

Kipimo cha umeme wa neva na misuli husaidia pale shingo na kifundo cha mkono vinapogombania lawama. Ukipimwa kabla ya wiki tatu tangu kuumia, kinaweza kusoma salama wakati si salama, kwa sababu msuli huchukua muda kuonyesha kwamba umepoteza neva yake.

Hatua ya 7: Wiki zinazofuata

Wengi wasio na udhaifu unaoongezeka hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kisu. Ute uliochomoza mara nyingi hunywea, maana mwili huula taratibu. Kulala kitandani wiki nzima hakusaidii. Tembea mara nyingi, umbali mfupi, badilisha mkao, ndoo ya kichwani ipumzike kama shida ni shingo, na gunia lipumzike kama ni kiuno. Dawa za maumivu za dukani, diklofenaki hasa, zisiwe za kila siku bila ushauri: mwenye vidonda vya tumbo, shinikizo la damu au figo dhaifu anaweza kuumia nazo.

Kila Jumapili rudia Hatua ya 3 na uandike namba chini ya zile za zamani. Maumivu yanaweza kupanda na kushuka bila maana kubwa. Namba za nguvu hazidanganyi hivyo. Na jihadhari na hili: maumivu yakitoweka ghafla huku mguu ukizidi kulegea, neva haijapona, imenyamaza. Kama Jumapili iliyopita ulinyanyuka kwa vidole mara nane na leo ni mara tatu, chukua karatasi yako uende hospitali leo hii.